Mwanga wa Kudunda

Mama Masika hakutaka dirisha.
Alisema hivyo kabla hajaketi,
kabla sijafungua hata daftari:
"Nijengee kikanisa cha mbao, cha watu ishirini,
pale Ndosho, juu ya mawe meusi.
Kiwe na mwanga wa kusomea zaburi.
Lakini dirisha, hapana."

Sikumuuliza sababu.
Kovu lilitoka chini ya kitambaa chake
likaishia sikioni, jembamba,
kama mstari uliochorwa na kioo.

Nikarudi nyumbani na kitendawili cha utotoni,
nyumba yangu haina mlango,
ambacho hata mtoto wa chekechea atakujibu: yai.
Ila hakuna mwalimu aliyetuambia
kama mle ndani huwa giza.

Kwa hiyo nikanunua yai bichi pale Birere,
nikawasha tochi ya simu, nikaliweka juu yake.
Likajaa.
Sikuona mahali mwanga ulipopita.
Ulikuwa kote, rangi ya papai.

Basi kuta mbili:
ya nje nzima, isiyo na tundu hata la mchwa,
ya ndani fupi kwa shibiri tatu,
na paa liinuliwe kidogo juu yake
kama mtu anayevua kofia kwa adabu.
Jua liingie kwa juu, ligonge ubao mweupe,
lishuke katika uchochoro wa kuta,
lifike kwa waumini limeshachoka,
limeshasahau kwamba lilikuwa jua.

Fundi Paluku aliugeuza mchoro mara mbili.
"Libuyu ni ghali," akasema,
"na mkaratusi hujipinda kama shahidi wa kununuliwa.
Halafu huu mwanga wako,
niupime kwa futikamba ipi?"

Usiku nikaiachia kompyuta ipike picha.
Ikauliza: miale idunde mara ngapi kabla ya kuzimika?
Inauliza maswali kama askofu.
Nikaandika nne, kona zikabaki masizi.
Nane, nikaona benchi.
Kumi na sita: feni ikalia kama mbu,
picha ikaanza kuwa chembechembe,
pumba tupu, mtu anapepeta kwenye ungo,
anapepeta,
hadi mchele ukaanza kuonekana:
ukuta,
fundo jeusi la ubao,
sakafu iliyopokea nuru
bila kujua imetumwa na nani.

Saa nane usiku umeme ukakatika.
Asilimia sabini na moja.
Betri yangu ni pambo, kila mtu anajua.

Nikatoka nje kutukana kidogo.
Kaskazini, Nyiragongo haikuonekana,
wala moto wake haukuonekana.
Yalikuwepo mawingu tu, mekundu matumboni,
yakisema yanachokiona kule chini.
Nikacheka peke yangu kizani:
hata huyu, aliyekwisha kutumezea mitaa,
anajua kudundisha mwanga.

Asubuhi nilimpelekea Mama Masika picha ile ile,
mbichi, kwenye karatasi iliyokunjamana.
Nilikuwa nimeandaa maelezo ya pembe na vipimo.
Hakuyahitaji.
Kidole chake kilitembea ukutani polepole,
kikapita benchi, kikapita mimbari,
kikasimama kwenye kona ya kushoto.
"Na hapa, mbona mchanga?"

"Hapo mwanga haujafika bado, Mama.
Ulikuwa njiani."

Akaitazama kona kwa muda mrefu.
"Basi hapo," akasema, "ndipo nitakapokaa mimi."

Jumatatu chukudu ilileta mbao arobaini.
Tatu zilikuwa zimepasuka.
Paluku amezirudisha, na bado wanabishana.