Hodi kwa Elfu Moja na Nne

Saa nne usiku, Kutaisi, mvua juu ya bati la makumbusho,
na mashine inanijibu maneno mawili:
Ruhusa imekataliwa.
Nimeuliza kwa upole. Nimeuliza kwa hasira.
Nimezima, nimewasha, chai imepoa.
Tovuti mpya ya Bi Pikria inafunguliwa kesho saa tatu,
mwenyekiti wa halmashauri atakata utepe mbele ya skrini
(nani hukata utepe mbele ya skrini?)
na skrini kwa sasa ni nyeupe, sahani bila chakula.

Vakho ananiandikia kutoka Batumi:
weka saba tatu, ukalale.
Saba kwa mwenyewe, saba kwa kundi, saba kwa wengine,
kila apitaye asome, aandike, aendeshe.
Naijua dawa hiyo. Ni kubomoa ukuta
kwa sababu umepoteza ufunguo,
kisha kushangaa alfajiri
mbuzi wa jirani amelala kitandani.
Mara ya mwisho niliitumia kule Zestafoni:
duka la vigae likaamka
linauza dawa za nguvu za kiume.

Basi nakaa. Nasoma orodha, polepole,
herufi na vistari, kitana kilichong'oka meno.
Na pale panapokaa jina la mwenyewe
hapana jina.
Pana 1004.

Murtaz.
Alifariki Novemba. Mhasibu akaifuta akaunti yake wiki ile ile,
kwa utaratibu, kama mtu anavyozima taa ya chumba kitupu.
Lakini faili haziendi mazikoni.
Picha elfu kumi na mbili, kila moja imeshikilia nambari yake
kama mtoto aliyeambiwa: kaa hapa, narudi.

Picha ziko wazi. Folda ya picha iko wazi.
Kosa liko wapi?
Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake,
na humu alilala yeye, miaka kumi na tisa.
Nakwenda mlango kwa mlango tangu mzizi:
mzizi, wazi.
Nyumbani, wazi.
Murtaz —
hapo. Komeo la ndani. Yeye peke yake.

Aliijenga tovuti chumbani mwake!
Ile ya zamani ilikwenda kwa jina lake,
haikuwa na haja ya kugonga.
Hii mpya ni mgeni. Tangu jioni inabisha hodi,
na wa kuitikia karibu hayupo.

Sibomoi.
Naongeza herufi moja tu mlangoni: pita.
Usisome, usiandike, pita,
kama mtu anayekatiza ua wa watu akitazama miguu yake.
Folda ya kupakia naikabidhi seva, hiyo moja.
Nagusa kitufe.
Zikaja: harusi ya 1931, wanawake wa kiwanda cha hariri,
mbwa ambaye hakuna aliyeandika jina lake.

Nikiwa natoka nikaiona, chini kabisa ya orodha,
faili iitwayo asali.
Imefungwa kwa kundi, imefungwa kwa wengine.
Murtaz alifuga nyuki, hilo tulilijua sote;
alituletea vijichupa, vifuniko vinanata.
Mimi ndiye mkuu wa mashine. Hakuna komeo
linaloniambia mimi hapana.
Kidole kilikaa juu ya kitufe
muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Utepe ulikatwa saa tatu na robo. Makofi.
Nikatoka barazani nikampigia Eteri, mjane wake,
nikamweleza kuna faili, jina lake hili.
Akanyamaza. Nikasikia maji ya bomba yakifungwa.
"Mizinga niliiuza," akasema.
Kisha: "Niletee.
Usiifungue."