Zamu ya Mfereji

Nilipiga hesabu juu ya gunia la buni
kwa penseli iliyotafunwa na mwanangu:
taa arobaini, wati hamsini kila moja,
gawa kwa volti mia mbili na thelathini,
ampea tisa hazifiki.
Breka ni ya kumi na sita.
Nikajisemea, hapa pana nafasi hata ya kupiga miayo.

Saa moja jioni, ghalani Msaranga,
wachambuzi wameshakaa, vidole juu ya buni.
Ndeshi akabonyeza swichi
kama mgeni rasmi akatavyo utepe.
Pa!
Mwanga ulikuja tukauona kisogo.
Giza likarudi kitini pake.

Mara ya pili, pa. Ya tatu,
Ndeshi akauliza taratibu:
"Fundi Elinami, unatuwashia taa
au unatupiga picha?"
Wakacheka wote. Nami nikacheka,
kicheko cha mtu anayetafuta bisibisi asiyoihitaji.

Hakukuwa na shoti. Nyaya nzima, skrubu zimekaza.
Nikachomoa taa ishirini, zilizobaki zikawaka,
nikapima mkondo: ampea nne na kidogo,
mtulivu kama ng'ombe wa zizini anayecheua.
Sasa nani aliyeangusha breka?

Usiku nikakumbuka Kidia, miguu yangu matopeni,
nimetumwa kufungua banio.
Maji ya kwanza hayakuwa ya mtu.
Udongo mkavu uliyagugumia yote,
ukishashiba ndipo yakatembea kwa adabu
hadi kwenye migomba.
Na siku ile kaya zote zilipofungua pamoja,
ukingo ulimeguka, tukakosa sote.

Kila taa ina kapasita yake, tumbo tupu.
Ukibonyeza, matumbo arobaini yanafumbua midomo
ndani ya sehemu ndogo ya elfu moja ya sekunde;
yanadai mamia ya ampea,
kisha yanashiba, yanabaki kuonja.
Hesabu yangu ilipima shibe.
Kiu sikuiandika popote.
Nayo breka haijui kutofautisha
kiu na jeraha.

"Weka kubwa zaidi," alishauri mwenye ghala.
Nikakataa. Deni hilo lingelipwa na waya,
na waya hulipa kwa moto.

Nikagawa sakiti nne, taa kumi kumi,
breka za aina ya C, zenye kifua cha kuvumilia kishindo,
na rilei za kuchelewesha: mstari wa kwanza,
pumua,
wa pili,
pumua.

Jioni hiyo sikusema neno.
Mwanga ukaja ukitembea kutoka mlangoni,
ukafika kwa Ndeshi, akaona punje mbovu kiganjani,
akaitupa. Hiyo ndiyo asante niliyopata.

Na hadi leo wanagombania mstari wa kwanza,
eti wa nne wanacheleweshwa,
ilhali tofauti yenyewe
haitoshi hata kupepesa macho mara mbili.