Stakabadhi

Mwaka walipofuta utemi
alifika afisa kijana, soksi hadi magotini,
akahesabu mali ya kiti: ngoma mbili,
daftari la kodi, mawe ya mvua
(yeye aliandika: mawe).
Akapiga mhuri, akampa babu karatasi:
Kigoda kimoja. Kibovu.

Babu Ndahani alitia sahihi kwa herufi za misheni,
kila moja imesimama wima.
Kisha akarudia kusoma neno la mwisho.

Watu wa Chinyika wakamchagua, akaenda Bungeni,
usiku kucha kwenye treni hadi Dasalamu
na kibuyu cha maji ya nyumbani,
kwa kuwa maji ya pwani, alisema, yana haraka.
Miaka mitano alisimama mara mbili.
Mara ya kwanza alitetea njia za ng'ombe.
Mara ya pili walikuwa wakipanga kuhamisha watu,
nyumba zikae kwa mstari; akasema,
"Tembe hujengwa ikitazama zizi.
Mstari unatazama nini?"
Hakujibiwa. Chai ilikuwa tayari.

Malori yalipokuja alipanda mwenyewe, wa kwanza,
watu wasije kumwona akivutwa.

Sitampamba. Huyu huyu alimkatalia mama darasa la tano:
binti wa nyumba kubwa hapangi foleni ya elimu.
Mama akajifunzia kwenye magazeti ya kufungia chumvi,
na ukungu ulipoingia machoni mwa mzee
ni yeye aliyeitwa amsomee habari.
Alisoma. Taratibu.
Akiruka mistari aliyotaka.

Na kila mwaka, mtama ukishaingia ghalani,
barua moja kwenda wilayani:
Naomba neno "kibovu" lirekebishwe.
Nimekuta nakala thelathini na moja
ndani ya sanduku la bati, zimefungwa kwa ukanda wa ngozi,
za mwisho kwa mwandiko wa mama.

Juzi nilikwenda Dodoma.
Masijala: joto, harufu ya dawa ya mchwa.
Dada wa mafaili alikuwa amepanda juu ya kitu
akiifikia rafu ya mwisho,
miguu mitatu, mti mweusi,
uzito wake wote umetua pale.
"Hakitakuangusha?"
"Hiki?" Akakigonga kwa kisigino.
"Nimekikuta hapa. Viti vya ofisi ndivyo vinavyovunjika."

Nikaikunjua karatasi mezani,
nikaomba kalamu.