Guni

Mwalimu Etyang' alitufunza, tukiwa darasa la nane,
kwamba shairi lina mizani: nane huku, nane kule,
na ukipunja silabi moja tu
shairi lako ni guni.
Sikuwa mshairi. Nikawa karani wa mizani
katika kiwanda cha chakula cha kuku, Nakuru,
nyuma ya reli, pale upepo wa ziwani
huleta vumbi la magadi na kuondoka na pumba.

Jumatatu hiyo malori saba yaliingia kutoka Mombasa.
Soya. Safi, za mviringo, njano kama shanga,
zimelimwa ng'ambo kwa mashine, zikapakiwa
ziende kwingine kabisa.
Kisha Marekani ikapandisha ushuru, Uchina ikajibu kwa wake,
huyu akaongeza, yule akaongezea juu,
mpaka meli ikabaki katikati ya maji
haina bandari ya kuiita kwao.
Shehena isiyo na kwao huuzwa bei ya kutupa.
Meneja Chirchir alinunua akicheka.

Alasiri likafika la nane, bovubovu:
Rasoa Khasandi, na magunia thelathini na moja kutoka Butere.
Alikuwa ameng'oa miwa ya baba mkwe wake
kwa ajili ya karatasi yetu ya Machi,
yenye bei, na muhuri, na sahihi ya wino wa buluu.

Chirchir akaisoma, akaikunja vizuri,
akamrudishia kama mtu anayerudisha picha ya marehemu.
"Bei imebadilika, mama. Ni dunia."

Akanigeukia mimi, dirishani.
"Dunia ndiye nani hapa?"

Nilifungua mdomo. Ile methali ya fahali wawili
ilikuwa imekaa tayari ulimini. Akaniwahi:
"Na usinitajie fahali.
Mimi si nyasi. Nyasi haina mkopo wa chama.
Nyasi haikukodi lori elfu kumi na nne,
haikuamka saa tisa usiku
kuchambua soya kwa tochi ya simu."

Nikatazama namba zangu nyekundu.
Mizani yangu hubeba tani arobaini bila kutetemeka,
hukaguliwa kila mwaka, hubandikwa kibandiko cha serikali.
Uzito wa mzigo wake niliujua.
Nilichokosa ni jiwe la upande wa pili.

Alishusha kumi na mawili, ya nauli.
Kumi na tisa yakarudi, yakipanda Salgaa polepole.
Karatasi aliiacha dirishani kwangu.

Na niseme lisilosemwa kantini:
hatukupunguza hata shilingi.
Nyaguthii wa Bahati alinunua gunia la kutagia kwa bei ile ile,
kuku wake mia mbili wakala soya ya ugomvi
wakataga mayai ya kawaida kabisa.
Nafuu ilipotelea kati ya ghala na risiti,
na risiti
ni mimi niliyeandika.

Septemba wakubwa wakapeana mikono kwenye runinga.
Bendera, maua, kalamu za dhahabu.
Meli zikakumbuka njia. Bei ya bandarini ikaruka.
Chirchir akaja dirishani, safari hii hacheki:
"Yule mama wa Butere. Una namba yake?"

Ilikuwa nyuma ya karatasi ya Machi.
Simu ililia mara tano.
Nilisikia kinu, watoto, jogoo mmoja mkaidi.
"Yale kumi na tisa nayasaga," alisema.
"Nauza maziwa ya soya Luanda, Jumatano na Jumamosi.
Napimia kwa kikombe cha bati.
Kimebonyea ukingoni, na kila mteja anaona."
Kisha, kama aliyekumbuka adabu:
"Na mizani yenu, imepona?"

Nimehesabu mistari hii kwa vidole, nilivyofunzwa.
Hapa inazidi, pale inapungua.
Mwalimu, sitaijazia.