Alama Mbili za Chaki

Shebwana, mpwa wangu,
darubini imefika Witu salama,
imeviringishwa ndani ya kikoi chako kilichochanika,
skrubu zake nne zikicheza ndani ya kiberiti.
Umeandika: "Mjomba, ifunge juu ya bunduki,
usiwaachie nguruwe mahindi kwa sababu ya aibu."
Aibu ya nini, sijui. Ya macho, labda.

Ni kweli, ile punje ya shaba puani mwa mtutu
siku hizi naiona mbili,
na nikikaza jicho inageuka ukungu,
na nguruwe hangoji ukungu utulie.

Basi nikaipeleka Lamu, Langoni,
kwa Fundi Bunu, mtengeneza cherehani na kufuli,
na bunduki, kwa wenye kibali.
Akaipokea kama apokeaye mtoto wa mwenziwe.
Akatia ganda tupu, akausukuma wenzo mbele,
akaurudisha: kracha.
Ganda likaruka juu, likamgonga kofia.
"Umeona? Hutoka yuu. Ndiyo ndiya yake.
Ukiziba hapo yuu kwa darubini, litoke wapi,
puani mwako?"

Ubavuni, basi, nikasema.
Akachukua chaki ya kukatia nguo
akatia alama mbili kwenye chuma,
karibu na nambari ya serikali,
karibu na pale gumba la babu yako
lilipokula weusi wote kwa miaka thelathini.
"Nikitoboa, nimetoboa. Chuma hakishonwi.
Kalale nayo. Urudi Jumatatu."

Nikalala nayo. Yaani, sikulala.
Kutoka dungu langu hadi ukingo wa mahindi
ni hatua arobaini. Zaidi ya hapo ni msitu,
na msitu wa Witu haukupi umbali
wa kuununulia kioo.
Nikaishika katikati, pale inapotulia kiganjani
bila kuinama mbele wala nyuma:
hapo hapo ndipo chombo chako kingekaa.
Lakini macho, Shebwana.
Macho hayana majadiliano.

Alfajiri ya Jumapili mahindi yakatikisika.
Kitu cheusi, kimeinama, kinang'oa, kinasogea.
Siku ya tatu hiyo nakivizia.
Bunduki ilikuwa magotini, darubini mfukoni,
bado haijawa kitu kimoja na chochote.
Nikaitoa, nikachungulia
kama mtu kwenye tundu la ufunguo.

Nikaona kisigino.
Kimepasuka, kina tope kavu.
Nikaona upindo wa leso, na mkono unachuma mchicha
ule uotao wenyewe katikati ya mistari yangu.
Nyanya yake Komora.
Midomo ilikuwa inakwenda; husema peke yake, unamjua.
Sikumwita. Niliogopa sauti yangu itakavyotoka.

Sasa fikiri nawe. Kama Fundi angekuwa ameshatoboa,
ningemtazamaje mama yule
bila kumwelekezea mtutu?
Jicho lingekwenda na bunduki ikalifuata,
ng'ombe wawili wa jembe moja,
na kidole hakijawahi kungoja
jicho limalize kusoma.

Jumatatu sikwenda Lamu.
Darubini nimeitia uzi, naivaa shingoni;
watoto wa skuli wananiita Nahodha.
Usinisifu, lakini.
Jumanne nguruwe wakaja, wa kweli, wenye pembe,
nikaziona punje mbili, nikachagua isiyo.
Wamekula mistari sita na kukanyaga mingine.
Shangazi yako hajanisemesha tangu hapo.

Na Fundi Bunu ameleta salamu kwa mwenye punda:
anauliza, aitie mafuta keekee au asiitie?
Sijamjibu.
Zile alama za chaki ziko pale pale ubavuni.
Jioni nikiipangusa bunduki mafuta,
kitambaa kikifika hapo
kinazizunguka.