Kimo cha Sinki

Futi nne na inchi saba kwa futi sita:
ndicho choo chetu, na sisi watu saba.
Nilipima alfajiri, foleni haijaanza,
Rukia hajagonga mlango kwa kandambili,
Famau hajaapa, "Naingia natoka,"
kumbe kaingia na kioo, atafuta ndevu.

Miaka kumi na moja sinki limeegemea bomba,
limefungwa waya, limevishwa kipande cha leso
kilichopauka hata jina lake halisomeki.
Mimi niliyechonga milango ya mahoteli ya Shela,
mayungiyungi, minyororo, na mwaka wa Hijra juu,
kwangu miswaki huishi ndani ya kopo la Kimbo.

Mbao nilizipata kwa mteja aliyeghairi.
Mbambakofi, nusu ya mlango usio na nyumba.
Nikasema, basi na uwe na nyumba.

Lakini ukuta wa Tundani haujui kona.
Chini wasema hivi, juu wasema vile,
katikati umetoa tumbo
kama mtu aliyerudi na biriani ya harusi.
Nikachora mgongo wa kabati juu ya kadibodi,
nikakata, nikajaribu, nikakata tena,
kama fundi cherehani amshoneaye kanzu mwenye kibiongo
na hataki watu wajue.

Kila mtu akaja na haja yake.
Somoe alitaka droo yenye ufunguo:
ya liwa, ya mavumba,
na ya mambo, akasema, yasiyomhusu seremala.
Rukia, kulabu. Si moja, tatu.
Twalib akauliza kama samaki wa birikani
atapewa chumba.
Famau hakutaka kitu. Baadaye nikakuta
kwa penseli, ubavuni kwa ndani: WEMBE WANGU.

Ugomvi ukawa kimo.
Nikasema inchi thelathini na nne, ndivyo ilivyo kote.
Famau akataka thelathini na sita.
Mama mkwe, Bi Mwanamkuu, hakusema neno.
Alikwenda akasimama pale,
akainua viganja hadi kimo nilichotaja,
akateka hewa, akaipaka usoni.
Nikayaona maji yasiyokuwapo
yakimshuka viwikoni, yakimwingia mikononi mwa dera,
kama yalivyomwingia miaka kumi na moja
mimi nikitazama milango ya watu.

Nikachukua penseli.
Mstari nikaupiga chini ya viwiko vyake: ishirini na nane.
"Usinipimie mimi," akasema, "ndia yangu fupi.
Wapimie wenye kuya."
Somoe akajibu kutoka jikoni,
"Wenye kuja nao, Mama, huanza wafupi."

Siku ya kuliingiza, kabati likakataa mlango.
Nusu inchi. Mimi!
Majirani wakajaa ushauri: toboa ukuta,
ng'oa fremu, liache ukumbini, wageni wanawe.
Nikalifungua ubao kwa ubao,
nikaliunga upya mle ndani, nimechuchumaa,
mgongo kwenye birika,
samaki akinikodolea macho kama mteja wa mkopo.
Nilipokaza skurubu ya mwisho
hapakuwa na nafasi ya kabati na mimi.
Nikatoka kwa kulipanda.

Sasa Famau hulalamika kiuno.
Asubuhi mlango ukiwa wazi kidogo
namwona, mrefu kama mlingoti, nusu rukuu,
akinawa kwa kimo cha bibi yake.
Akimaliza, hukausha ukingo kwa kiganja,
maana zamu inayofuata ni ya bibi
na yeye huegemea pale.
Sikumfundisha hilo.

Dera la Bi Mwanamkuu hutoka kavu.
Hajasema asante, wala sijangoja.
Alichosema ni kwamba rangi ya vanishi yanuka.

Na droo ya Somoe masika hii imevimba, haivutiki;
ufunguo upo, mambo yake yamefungiwa humo.
Nimemwambia nitairanda Ijumaa.
Hakuniuliza Ijumaa ipi.