Kilo Saba

Mimi ndiye mwenye daftari. Kalamu nimeifunga kwa uzi wa nyavu
isije ikatembea. Ukurasa wa kwanza niliandika:
Mwalo wa Chinyika. Gati limelala. Chanja tatu
kati ya kumi na nne. Choo hakuna. Barafu hakuna.
Juu yetu nyaya zinapita zikivuma,
zimebeba umeme uliozaliwa kwenye maji haya haya,
unakwenda mjini kupoza soda za watu
bila hata kutupa mbukwenyi.

Babu zetu walikuwa watu wa ng'ombe na uwele.
Maji yalitukuta, hatukuyafuata.
Hadi leo, kiangazi kikikaza,
vichwa vya migunga iliyozama huchungulia,
na nyavu huchanikia pale palipokuwa zizi la mtu.
Tukajifunza perege. Tukajifunza kambale.
Tukajifunza kulala na harufu.

Kisha makokoro yakakomba mpaka watoto wa samaki,
vijana wakadandia malori ya mkaa,
na gati likaota majani, mbuzi wakapanda kulila.

Aliyeanza ni Melea Chilongani, mkaanga samaki.
Hakuhutubia. Alikuja na jembe Jumanne asubuhi
akaanza kuzibua mtaro, peke yake,
amejifunga kitenge cha msiba wa mumewe
kwa kuwa, alisema, ndicho kikuukuu.
Jumatano walikuwa wanne.
Jumamosi nilikosa nafasi ya kuandika majina.
Msigala, fundi mitumbwi, akatoa mapipa sita:
gati lielee, akasema, maji ya bwawa hayana adabu,
leo yako mlangoni, kesho unayafuata kwa miguu.
Ndahani, aliyesema haiwezekani, akatoa mbao,
akaendelea kusema haiwezekani
huku misumari imemjaa mdomoni.

Saruji ilikuja mifuko ishirini:
michango ya elfu mbili mbili, na beberu mmoja wa kanisa.
Wakati wa kuishusha, Nyemo wa Msigala
(mvivu, sitamficha) alichoka njiani,
akautua mfuko mahali pa karibu,
juu ya mizani ya mchuuzi.
Mshale ukatetemeka. Ukasimama.
Arobaini na tatu.

Mfuko umeandikwa kilo hamsini.
Tukausoma mfuko. Tukausoma mshale.
Tukaleta mfuko wa pili.
Arobaini na tatu.
Wa tatu aliubeba Melea mwenyewe, kichwani,
akautua taratibu kama anayelaza mtoto.
Hakuna aliyepiga kelele.
Mchuuzi aliinama kufunga kamba za viatu.
Alikuwa amevaa kandambili.

Usiku ule nilirudi nyuma kwenye daftari.
Kilo saba katika kila hamsini.
Mwezi. Mwaka. Miaka tisa.
Nilipofika mwaka ambao Nyemo aliacha shule kwa kukosa ada
niliacha kujumlisha,
nikapuliza kibatari.

Sasa tuna mizani yetu, ya kijani,
imefungwa kwenye nguzo kwa mnyororo wa baiskeli.
Mfuko mmoja hatukuujengea. Tumeuviringishia turubai,
umeshaganda, ni jiwe lenye nembo,
na kila alfajiri kabla ya samaki hupanda yeye kwanza.
"Hamsini!" anaita Nyemo, mpimaji wetu,
kwa sauti ambayo darasani hawakuwahi kuisikia.

Sijaandika kwamba tumeshinda.
Chanja ni tisa. Barafu bado inatoka mjini
ndani ya magunia ya maranda, inafika nusu,
na nusu nyingine inafika ikiwa maji.
Nyaya zinavuma.
Mchuuzi yule ananunua bado. Anasalimia sana.

Jana maji yamerudi nyuma hatua kumi na moja,
nimezihesabu mwenyewe.
Kesho kabla ya jua tunalivuta gati liyafuate,
kila mtu na kamba yake.
Ndahani anasema haiwezekani.
Nimemwandika wa kwanza.